Tromsø: Siku Saba Bila Magharibi

Jumatatu, 8 Julai 2024

Magharibi ya mwisho niliiswali jana Dar es Salaam, kwenye msikiti wa jirani na kituo cha basi, jicho moja kwenye viatu vyangu. Tangu hapo nimepanda ndege tatu, na sasa saa yangu ya mkononi inasema saa tano na robo usiku. Nje ya dirisha la ndege jua linawaka kama la saa kumi na moja jioni kule kwetu Ngamiani, Tanga. Chini yake visiwa vimejipanga kama majahazi yaliyopinduliwa yapakwe mafuta ya sifa, na kila kimoja kina mabaka ya theluji mgongoni.

Mpwa wangu alikuwa mlangoni.

"Shikamoo mjomba! Umelala njiani?"

"Marahaba mwanangu. Nilale vipi na mchana huu?"

Yeye ni mwanafunzi wa mambo ya uvuvi katika chuo kikuu cha hapa Tromsø, kaskazini ya Norwei, huu mwaka wake wa pili. Tiketi walichangishana yeye na kaka yake, eti mjomba amekaa barazani Tanga akitengeneza saa za watu kwa miaka thelathini na nane, sasa na yeye aende akaone kitu. Nimekuja kuona kitu. Begi langu lakini halikuja. Tulisubiri hadi mkanda wa mizigo ukasimama, tukajaza fomu, tukaondoka. Ndani ya begi kuna kanzu mbili, koti zito, na mfuko wangu wa kazi: bisibisi, koleo ndogo na kioo cha jichoni. Siwezi kusafiri bila mfuko ule. Mpwa anasema hakuna Mswahili mwingine aliyekwenda kutalii na bisibisi.

Njia ya kwenda mjini ilipita chini ya ardhi. Wamekichimba kisiwa chao kama panya, na humo ndani ya mwamba kuna mpaka mizunguko ya barabara. Tulipotoka upande wa pili, mtu alikuwa anakata majani ya bustani yake. Saa sita kasorobo usiku.

Jumanne, 9 Julai

Sikulala. Mpwa alikuwa amening'iniza pazia jeusi zito, lakini pembeni pamebaki ufa wa upana wa kidole, na ufa huo ukatosha. Halafu kuna ndege. Shakwe wa hapa hawajui kuwa usiku ni wa kunyamaza. Wako aina moja wadogo ambao wameyafanya madirisha ya maduka kuwa majabali yao, wanataga hapo hapo juu ya vichwa vya watu, mpaka mji ukawajengea vibanda vyao maalumu vya kutagia.

Niliamka, kama kuamka ni neno lenyewe, nikataka kuswali alfajiri. Hapo ndipo nilipouelewa mji huu. Tromsø iko kaskazini ya Ikweta kwa nyuzi 69 na zaidi, karibu kilomita 350 ndani ya mstari wa Aktiki. Jua lilichomoza kama tarehe 20 Mei na halitazama hadi tarehe 22 hivi ya mwezi huu. Sisi Tanga, tofauti ya siku ndefu na fupi kwa mwaka mzima ni kama nusu saa. Ndiyo maana tunaweza kuhesabu saa zetu kwa jua: linachomoza, unahesabu moja, mbili, tatu, linazama, unaanza tena. Saa ya Kiswahili imejengwa juu ya ahadi kwamba jua litachomoza na kuzama pale pale kila siku. Huku ahadi hiyo haipo. Nikimwambia mpwa "saa moja asubuhi", ni saa moja tangu nini?

Na kibla nacho kikanigeukia. Maisha yangu yote nimeswali nikielekea kaskazini, kwa kuwa Makka iko juu yetu karibu moja kwa moja. Mpwa akanionyesha kwenye simu: hapa ni kusini, kidogo upande wa mashariki. Nimeipita Makka kwa juu bila kujua, nikiwa nakula wali wa ndege.

Mchana mvua, nyuzi 11. Mama mwenye nyumba, mjane wa mvuvi, aliponiona na shati la mikono mifupi alishika kichwa. Alirudi na koti la marehemu mumewe, zito, la rangi ya chungwa, linanukia lami na chumvi. Hajui Kiswahili wala mimi Kinorwei, ila koti lilieleweka. Tulitembea Storgata, barabara kuu, tukapita kanisa kuu la mbao lililojengwa mwaka 1861, tukanunua soksi kwa bei ya viatu, tukarudi.

Jumatano, 10 Julai

Makumbusho ya Polar yako bandarini, ndani ya ghala jekundu la mbao la miaka ya 1830. Nilidhani nitaona vitu vya wapelelezi wa barafu tu, na nikavikuta, lakini nusu ya nyumba ni habari ya uwindaji. Huu mji, uliopewa hadhi ya mji mwaka 1794 ukiwa na watu kama themanini tu, ulinenepa kwa mafuta na ngozi za wanyama wa Aktiki. Kuna mtego mmoja ambao nilisimama mbele yake muda mrefu kwa sababu ya ufundi wake: sanduku, bunduki ndani, kamba, na kipande cha nyama. Dubu mweupe anaingiza kichwa, anavuta nyama, anajiua mwenyewe. Mwindaji anakuja baadaye kuchuna ngozi. Mtu mmoja wa zama hizo, Henry Rudi, anahesabiwa dubu 713. Wanamwita mfalme wa dubu. Mimi nilipoiona namba ile sikumwona mfalme.

Roald Amundsen naye ana chumba chake. Ndiye aliyetangulia kufika Ncha ya Kusini, Desemba 1911. Lakini hapa Tromsø wanamkumbuka kwa kuondoka. Tarehe 18 Juni 1928 alipanda ndege ya majini katika bandari hii, kwenda kumtafuta Mwitaliano Umberto Nobile, ambaye chombo chake cha angani kilikuwa kimeanguka kwenye barafu. Nobile aliokolewa. Amundsen na wenzake watano hawakurudi, na kilichopatikana ni boya la ndege yao likielea. Tena wawili hao walikuwa wamegombana hadharani, si marafiki. Sanamu yake imesimama si mbali na hapo, nayo ilikuwa na shakwe kichwani.

Tulipotoka njaa inauma. Kwenye gati, mashua ilikuwa inauza kamba waliochemshwa humo humo baharini. Unapewa mfuko, unakaa kwenye ubao, unamenya mwenyewe, maganda unawatupia shakwe. Wenyeji hula na mkate mweupe, ndimu na mayonezi. Mimi nilitoa pilipili niliyobeba mfukoni, mpwa akacheka hadi akapaliwa. Kamba hawa ni wadogo kuliko wa Moa, lakini utamu wao wa maji baridi sijawahi kuukuta. Nasema hivyo nikijua nitagombezwa nikirudi.

Mpwa akaniongoza kwenye duka kuona samaki wao mkavu. Huyu si ng'onda. Ng'onda anatiwa chumvi na kuanikwa juani. Huyu torsk hatiwi chumvi hata chembe, ananing'inizwa kwenye vichanja tangu Februari hadi Mei, na upepo wa baridi ndio unaomkausha. Amekuwa gogo, ukigonga mezani analia ko, ko. Vichwa, akasema, soko lake kubwa ni Nigeria. Jambo hilo ndilo analoliandikia utafiti wake, na nilikuwa sijawahi kulisikia kutoka kinywani mwake kwa urefu ule. Nikaketi nikasikiliza. Nilimwacha mtoto wa kidato cha sita, nimekuta mtaalamu.

Jioni, kwa hesabu ya saa si ya jua, begi likaletwa mlangoni. Mama mwenye nyumba aliuona mfuko wangu wa bisibisi. Alinyamaza, akaingia chumbani, akarudi na saa ya mkononi ya marehemu. Ya kutia ufunguo. Imesimama saa tatu na dakika kumi, haijulikani za mchana au za usiku.

Alhamisi, 11 Julai

Siku ya anga safi, na siku ndefu, kama neno hilo bado lina maana.

Tulivuka daraja kwa miguu. Lina urefu wa mita 1,036, lilifunguliwa mwaka 1960, na limepanda katikati kama mgongo wa paka ili meli zipite chini. Upepo ulinishika kanzu, koti la chungwa likaniokoa. Ng'ambo yake kuna Ishavskatedralen, yaani Kanisa Kuu la Aktiki, lenye sura inayouzwa kwenye kila kadi ya mji huu: mabamba meupe ya pembe tatu yamepangwa moja nyuma ya jingine, kama karata zilizosimamishwa. Msanifu wake ni Jan Inge Hovig, mwaka 1965. Ukuta wote wa nyuma ya madhabahu ni kioo cha rangi, kazi ya Victor Sparre ya mwaka 1972, na jua lilipokipiga sakafu ikawa buluu na dhahabu. Jina linadanganya kidogo, kwa kuwa hili ni kanisa la mtaa tu. Kanisa kuu halisi ni lile la mbao tulilolipita juzi kwenye mvua.

Saa nne usiku tulikwenda kwenye gari la waya, linalopanda mlima hadi Storsteinen, mita 421 juu ya bahari. Nauli yake ingelipa pango la kibanda changu. Mpwa akakataa kulipa mara mbili, akapanda kwa miguu ngazi za mawe zilizojengwa na mafundi Masherpa walioletwa kutoka Nepal, zaidi ya ngazi 1,200. Mimi nilipanda na Wajerumani. Nilimsubiri juu dakika ishirini, akafika anahema, uso unameta.

Kutoka juu unauona mji wote umelala kwenye kisiwa chake, ingawa "umelala" ni tabia ya ulimi wangu tu. Daraja limekuwa uzi. Meli ya pwani, ile ambayo kampuni yake imekuwa ikipanda na kushuka ukingo huu tangu mwaka 1893, ilikuwa inaingia taratibu kutoka kaskazini. Jua liko karibu na kaskazini kabisa, upana wa vidole viwili hivi juu ya upeo, jekundu kidogo. Ilipofika saa sita kamili watu wakapiga makofi, wakapigana picha, wakafungua chupa, wakaanza kupanga foleni ya kushuka.

"Bado," nikamwambia mpwa.

"Bado nini mjomba?"

Mtu wa saa hawezi kunyamaza kwenye jambo hili. Hapa saa zimesogezwa mbele lisaa lizima kwa ajili ya kiangazi, na mji wenyewe haukai sawasawa na saa ya nchi. Kwa hiyo usiku wa manane wa jua si wa saa sita. Nilichomeka kalamu kwenye udongo tukakaa kutazama kivuli chake. Kiliendelea kusogea na kurefuka. Saa sita na nusu mlima ulikuwa umebaki na sisi, vijana wawili wenye gitaa na kondoo. Kwenye saa saba kasoro dakika kumi hivi, jua lilisita. Halikuzama. Lilitembea kwa ubavu kama kaa, kisha likaanza kupanda tena. Hakuna aliyepiga makofi.

Kivuli changu mwenyewe, kirefu kama mnazi, kilikuwa kimelala kuelekea kusini. Nikakifuata kwa macho: bahari, milima, na mbali huko nyumbani, ambako wakati huo ilikuwa saa nane kasoro ya usiku, giza tupu, watu wamelala chini ya vyandarua.

Ijumaa, 12 Julai

Nimeswali Ijumaa. Msikiti uko, wengi wa waumini ni Wasomali, na pembeni yangu aliketi mzee wa Kibajuni kutoka Kismayu ambaye aliposikia Kiswahili changu cha Tanga alinikamata mkono hakuuachia tena. Nikamuuliza lile lililonikera tangu Jumanne.

Akasema adhuhuri na alasiri hazina shida, kivuli kipo, na kweli adhuhuri ya leo imeingia karibu saa saba kasoro dakika kumi mchana, sawa na kalamu yangu ya mlimani. Ugomvi ni magharibi, isha na alfajiri. Wengine huchukua saa za Makka, wengine za mji wa karibu ambao jua linazama. Msingi wao ni hadithi ya Dajali, ile ya siku itakayokuwa ndefu kama mwaka. Maswahaba hawakuuliza tutakula nini siku hiyo. Waliuliza habari ya swala. Mtume, rehema na amani zimshukie, akawaambia wakadirie. "Basi sisi," akasema mzee, "tunaishi ndani ya ile hadithi kila kiangazi." Na Ramadhani ikiangukia humu? Akatikisa kichwa tu, akaagiza chai.

Baada ya chai nikaifungua ile saa. Hakukuwa na kilichovunjika. Mafuta yalikuwa yameganda yakawa gundi, na vumbi jepesi la chumvi limeingia kwenye meno ya magurudumu. Mtu huyu aliivaa kazini. Nilifanya kazi dirishani hadi saa saba usiku bila taa, jambo ambalo fundi yeyote angelionea wivu. Nilisafisha, nikatia tone la mafuta kwa ncha ya sindano, nikatia ufunguo mara kumi. Ikaanza. Mama mwenye nyumba aliiweka sikioni, akaiacha hapo muda mrefu.

Kisha akaniuliza kwa kupitia mpwa: je, mishale bado inawaka gizani? Mumewe alikuwa akiitazama kwenye mashua, usiku wa baridi.

Sikuwa na giza la kuijaribia.

Jumamosi, 13 Julai

Rafiki wa mpwa ana gari. Tulikwenda Sommarøy, kama lisaa kuelekea magharibi kupitia kisiwa cha Kvaløya. Njiani swala wa theluji, reinsdyr kwa Kinorwei, watatu wamesimama katikati ya lami kama ng'ombe wa Handeni, hawana haraka na honi. Wenye mifugo hii ni Wasami, watu wa asili wa kaskazini hii.

Sommarøy ina mchanga mweupe na maji ya kijani kibichi, ukipiga picha utasema ni Nungwi. Nikavua viatu. Nikavaa viatu. Mbele yake baharini kuna kisiwa kirefu chenye ncha, Håja, ambacho husemwa ndicho kilichompa msanifu umbo la lile kanisa.

Mwaka 2019 kijiji hiki kilitangazwa dunia nzima kwamba wakazi wake wanataka kufuta saa, wawe eneo lisilo na wakati, na watalii wakaonyeshwa picha za saa zilizofungwa kwenye kingo za daraja. Baadaye ikajulikana kuwa yalikuwa matangazo ya utalii yaliyopikwa na shirika la serikali. Nilipolisikia nilicheka kwa mara mbili. Kwanza, wavuvi wafute saa? Maji kupwa na kujaa watayajuaje? Pili, mtu anayefunga saa nzima kwenye chuma cha daraja, kwenye chumvi na mvua, hana adabu.

Nikiwa natembea kwenye majani karibu na ufuko, kitu kilinipiga kofia. Nikageuka, hakuna mtu. Kikanipiga tena, na safari hii kikapiga kelele. Buabua. Ana makinda mahali kwenye nyasi, na haogopi mzee wa Tanga. Mpwa akaniambia niinue fimbo juu ya kichwa, maana hushambulia kilicho juu zaidi. Nikatembea mita mia nimeinua mwavuli uliofungwa kama askari wa gwaride. Huyo ndege mwenye uzito wa yai mbili ndiye anayehama kutoka huku hadi barafu ya kusini na kurudi kila mwaka, akipita mkabala wa Afrika. Anapata kiangazi mara mbili. Nikamsamehe.

Jumapili, 14 Julai

Asubuhi bustani ya mimea ya chuo kikuu, ambayo haina kiingilio. Ilifunguliwa mwaka 1994. Hapana miti mikubwa ya kujisifia kama Amani kule Usambara, ni mimea midogo ya milima na baridi imejibana kwenye mawe, na mipopi ya buluu kutoka Himalaya. Buluu hasa, si zambarau. Nikapiga picha nane nyumbani wasije wakasema nimepaka rangi.

Ndege yangu ni ya jioni. Baada ya kufunga begi, nikakumbuka deni. Nikaichukua saa ya marehemu, nikamwomba mama mwenye nyumba ruhusa, nikaingia kwenye kabati la makoti, nikavuta mlango. Mpwa akaziba nafasi za chini kwa taulo. Nikakaa juu ya viatu vya mvua, koti la chungwa likiwa limenifunika bega, na kwa mara ya kwanza tangu Dar es Salaam nikawa kwenye giza. Giza zuri. Nikapumua.

Mishale sikuiona. Nikangoja macho yazoee. Nje nilimsikia mpwa na mama mwenye nyumba wananong'ona kwa Kinorwei. Rangi za saa za zamani huchoka, na nyingine zina sumu, kwa hiyo Ijumaa sikuthubutu kuikwangua. Nilihesabu milio mia tatu. Kisha, au macho yalinidanganya, kama kuna kitu kilichofifia, kijani, chini ya namba kumi na mbili.

Nilipotoka wote wawili walikuwa wananitazama. Nikasema kweli: labda ipo kidogo, labda haipo, sina hakika.

Mama mwenye nyumba alisema kitu kirefu, akaivaa saa mkononi, ikamzidi, ikashuka hadi karibu na kiwiko. Mpwa akacheka kabla ya kutafsiri.

"Anasema usiwe na wasiwasi mjomba. Mwisho wa Novemba jua likienda, halirudi hadi katikati ya Januari. Ataiangalia kwa nafasi."